Tangi la Ziada kwa Safari Ndefu za Pikipiki: Maswali ya Wasomaji, Majibu ya Mafundi

Kiangazi kikishika, njia za Simanjiro, Longido na Ziwa Natron hukauka, na barua za ukurasa huu hubadilika sura. Cheni na breki zinakaa pembeni, watu wanauliza mafuta. Safari hii tumeziweka pamoja zile za tangi la ziada. Majina ya walioandika tumeyaacha. Tumebakiza mahali na aina ya pikipiki, maana hivyo ndivyo vinavyobadilisha jibu.

SWALI (Kwa Mrombo, Arusha, Boxer 150): Habari za kazi, mafundi. Kila mwezi natoka Arusha kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa, na mara mojamoja naingia Orkesumet. Fundi wangu ananishauri tangi la lita 20 nyuma ya siti. Nitoe hela au niache?

JIBU: Hela iache mfukoni kwanza, upime. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, jaza tangi mpaka shingoni, andika kilometa. Endesha kilometa 100 au zaidi ukiwa na mzigo uleule unaosafiri nao, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze mpaka alama ileile. Gawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Rudia siku nyingine, halafu kati ya majibu mawili chukua lile baya.

Boxer 150 iliyotunzwa, kwenye lami, mwendo wa 60, inaweza kukupa kilometa 45 kwa lita. Mpakie abiria, funga begi, kimbia 90 huku upepo unakupiga kifuani, na usishangae ikishuka hadi 33. Tangi lake ni lita 11. Lita ya mwisho usiihesabu, maana ndiyo yenye maji na uchafu. Lita 10 mara 33 ni kilometa 330. Arusha hadi Dodoma ni kama kilometa 425, na Babati na Kondoa kote kuna sheli. Barabara hiyo haidai tangi la pili. Inadai usimame dakika kumi Babati. Kwa Orkesumet, dumu la chuma la lita 5, lililofungwa lisicheze, linakuongezea kilometa 150 hata kwenye vumbi.

Lita 20 za petroli zina kilo 15 hivi, kwa kuwa lita moja ni kama kilo 0.74. Weka tangi lenyewe na vyuma vya kulishikilia, umebeba kilo 23 ambazo siku nyingi zitakuwa zinatembea bure. Tangi la ziada lina mahali pake: pikipiki yenye tangi dogo, au njia kama ya Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero mpaka Loliondo, zaidi ya kilometa 200, na sehemu kubwa ni mawe na mchanga. Njia ya mkato ya Ngorongoro na Serengeti haikusaidii, kwa sababu pikipiki haziruhusiwi kupita humo.

SWALI (Majengo, Moshi; TVS 125): Shikamooni. Nimetengenezewa tangi la lita 8, linashusha mafuta moja kwa moja kwenye kabureta. Nikikimbia dakika 20 hivi pikipiki inakata kama imeishiwa. Nikisimama dakika tano inawaka vizuri. Fundi ameshabadilisha plagi na koili, hali ni ileile.

JIBU: Marahaba, kijana. Plagi na koili umezionea. Ikikata tena, fungua kifuniko cha tangi la ziada papo hapo, kabla ya kufanya kitu kingine. Ukisikia "fyuuu" na pikipiki ikawaka bila kusubiri, tangi lako halipumui.

Kila tone linalotoka lazima lipishane na hewa inayoingia. Hewa isipoingia, ndani ya tangi panakuwa na mvuto wa kurudi juu. Kwenye pikipiki za namna yako mafuta hushuka kwa uzito wake tu, na uzito huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: kimo cha sentimeta 20 za petroli kina nguvu ya asilimia moja na nusu tu ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Mvuto mdogo kiasi hicho unatosha kuyazuia yasishuke. Kama tundu lingekuwa limeziba kabisa, ungekata ndani ya dakika chache. Dakika 20 maana yake linavuta hewa kidogo kuliko injini inavyokunywa, na zile dakika tano za kusimama ndizo zinazolipa deni.

Angalia kifuniko. Fundi akiweka cha rejeta ya gari, kina valvu za springi ambazo hazikutengenezwa kwa mvuto mdogo namna hii. Akiweka kifuniko kipofu na kukitoboa kwa msumari, raba ya ndani hukaa juu ya tundu na kuliziba. Dawa ya kudumu ni kuacha kukitegemea kifuniko. Chomelea kibomba cha milimeta 6 mahali palipo juu kabisa pa tangi. Chomeka mpira, uupandishe kwanza sentimeta 10 juu ya tangi, uukunje, ndipo uushushe mpaka chini ya injini, mbali na ekzosi na cheni. Ule mkunjo wa juu ndio unaozuia petroli isimwagike pikipiki ikiinama au tangi likichezacheza. Mdomo wa mpira ukate mshazari ili hata ukigusa kitu usizibe, na uufunge kipande cha chujio la sponji dhidi ya vumbi. Ukipita Engaruka, kikague kila jioni.

Wakazi wa mlimani wana sababu nyingine ya kulitazama tundu hili. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Natron kama 600. Ukishuka huko na tangi lisilopumua, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ya ndani na bati jepesi huanza kubonyea. Ukipanda kurudi na jua la mchana, mvuke unasukuma kutoka ndani, na ukifungua kifuniko petroli inakurukia usoni. Fungua taratibu, nusu mzunguko, usubiri ipumue.

SWALI (Usa River, 125 ya kabureta): Tangi langu la lita 10 liko juu ya karia. Tumeweka tii (kiungo cha njia tatu) chini ya koki, matangi yote mawili yanaingia mpira mmoja wa kabureta. Mchana hakuna tabu. Asubuhi nakuta petroli imemwagika kupitia kifuniko cha tangi la mbele, na chumba kizima kinanuka.

JIBU: Waulize waashi kuhusu levo yao ya mpira wa maji. Maji ya ncha mbili hutafuta kimo kimoja, na petroli hali kadhalika. Tangi la karia limekaa juu kuliko lile la mbele. Ukiacha njia wazi, la nyuma linalimiminia la mbele mpaka lifurike. Mchana injini inakunywa, ndiyo maana huoni.

Kila tangi linahitaji koki yake kabla ya kufika kwenye tii, na inayofunguliwa ni moja tu kwa wakati mmoja. Ukilaza pikipiki, funga zote mbili. Hata bila tii tatizo hili lipo: wapo wanaoingiza mpira wa nyuma moja kwa moja kwenye tangi la mbele, wakafungua koki likiwa bado limejaa. Kwa mfungo huo, tembea kwanza mpaka tangi la mbele lishuke nusu, ndipo ufungue, na lita unazoshusha zisizidi nafasi iliyopo.

Wanaotaka matangi ya pembeni, chini ya siti kama mabegi, wapime kimo kabla ya kukata chuma. Sakafu ya tangi lazima izidi mdomo wa kuingilia kabureta kwa sentimeta 10 angalau, la sivyo lita za mwisho utazibeba tu bila kuzinywa. Kipimo ni uleule mpira wa waashi wenye maji: ncha moja kwenye kabureta, nyingine unapotaka kukaa tangi.

Ila mpira huo uishie kwenye kupima. Tunaona pikipiki nyingi mno zimefungwa mpira mwangavu wa levo kama mpira wa mafuta, eti mtu aone petroli ikipita. Petroli huuvua ule ulaini wake: unakakamaa, unasinyaa, na siku moja unachomoka wenyewe juu ya ekzosi ya moto. Nunua mpira mweusi wa mafuta wenye tundu la milimeta 6, ulioandikwa ubavuni SAE J30R7. Kila mwisho funga klipu. Waya wa kufungia huukata mpira kidogokidogo. Upitishe ukiteremka muda wote: mahali popote mpira unapopanda kisha kushuka, povu la hewa hujificha na kuziba njia. Uache nafasi ya sentimeta 15 kutoka kwenye ekzosi. Petroli huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40 hivi, na mvuke ndani ya mpira huzuia mafuta sawasawa na uchafu. Filta iwe moja tu, ile ndogo ya kuona ndani. Mbili za karatasi zikifuatana kwenye mfumo wa kushuka kwa uzito, injini itakaa na njaa.

Mwisho wa kazi, pima mtiririko. Acha lita moja tu kwenye tangi la ziada, maana hapo ndipo msukumo ni mdogo kabisa, chomoa mpira kwenye kabureta na ukinge kwa chupa ya nusu lita, injini ikiwa baridi na hakuna moto karibu. Ijae ndani ya dakika mbili. Injini ya 125 au 150 ikikimbia haihitaji zaidi ya mililita 60 kwa dakika, kwa hiyo hapo una ziada ya kutosha kwa mlima wowote.

SWALI (Himo, Boxer): Nimenunua pampu ndogo ya umeme ya gari, nimeiunga kati ya tangi la ziada na kabureta. Sasa petroli inatoka kwenye kibomba cha chini cha kabureta na injini inatoa moshi mweusi.

JIBU: Iondoe hapo leo. Sindano ya boya ya kabureta yako imezoea uzito wa sentimeta 20 za petroli, ambao ni kama 0.2 psi. Pampu hizo husukuma psi 2 hadi 4, yaani mara kumi mpaka ishirini. Sindano haiwezi kufunga, bakuli linafurika, na kinachobaki kinaweza kuingia kwenye silinda na kushuka mpaka kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili unuse. Ikinuka petroli, imwage.

Pampu si mbaya, mahali ndipo pabaya. Ielekeze kwenye tangi kuu, kwa juu, na iwe na swichi yake na fyuzi ya ampia 5 karibu na betri. Iwashe pampu tangi kuu likiwa limeshuka nusu, uizime kwa kuhesabu dakika kwa saa ya mkononi. Jua mapema pampu yako inasukuma lita ngapi kwa dakika: pimia kwenye dumu. Anayeiwasha na kuisahau atajimwagia petroli mapajani.

SWALI (Unga Limited, Arusha, fundi wa kuchomelea): Wateja wananiletea kazi hizi. Naomba vipimo vya tangi la lita 10 la karia, chuma gani, na jinsi ya kulijaribu. Wengine pia wanataka niwachomelee kinywa cha ziada kwenye tangi kuu.

JIBU: Asante kwa kuuliza kabla. Vipimo vya ndani vya sentimeta 32 kwa 24 kwa 14 vinakupa lita 10.75. Zote hazijazwi. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Iliyojazwa Arusha asubuhi ya nyuzi 15 ikifika Natron kwenye 40 imeongezeka robo lita, na lazima ipate pa kwenda. Shingo ya kujazia izame ndani ya tangi sentimeta moja chini ya paa. Mteja akijaza taratibu mpaka mdomo wa shingo, juu patabaki nafasi ya hewa ya kama robo tatu ya lita. Kibomba cha kupumulia kianzie kwenye nafasi hiyo.

Shiti nyeusi ya geji 18 (milimeta 1.2) inafaa, na boksi la vipimo hivyo litakuwa na kilo 3 hivi. Alumini ya milimeta 2 inashuka mpaka kilo 1.7, lakini inataka mtu mwenye mashine na mkono wa alumini. Ukiichomelea kwa kubahatisha itapasuka njiani. Mabati ya kuezekea usiyatumie. Zinki yake haipatani na petroli inayokaa muda mrefu, huacha unga mweupe unaoishia kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kabureta. Punguza mishono: kunja shiti moja iwe pande nne, kisha chomelea mbavu mbili. Kona iliyokunjwa haivuji.

Ndani weka vizuizi viwili kukata urefu wa sentimeta 32 katika vyumba vitatu. Kila kizuizi kikate pembe zote nne milimeta 15, ili petroli ipite chini na hewa ipite juu, na katikati toboa tundu la milimeta 30. Bila hivyo, tangi lililojaa nusu ni kama ndoo inayobebwa na mtoto: ukifunga breki kilo nne zinakimbilia mbele, ukiachia zinarudi. Kuna mafundi wanaojaza sponji la godoro badala ya vizuizi. Linamomonyoka, na makombo yake utayachokoa kwenye kabureta mwaka mzima.

Mdomo wa kutolea mafuta uwe kwenye kona ya chini kabisa, lakini kibomba chake kipande milimeta 8 juu ya sakafu, ili maji na kutu vibaki chini. Pembeni yake weka bolti ya kumwagia uchafu huo. Usizibe nyuzi za bolti kwa silikoni: petroli huivimbisha, ikakatika vipandevipande. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao huchanika na kufuata mafuta. Tumia washa ya shaba, au gundi ya nyuzi inayostahimili petroli.

Sasa masikio ya kufungia. Matangi mengi hupasuka hapo, na wala si kwenye mshono. Fundi huchomelea sikio la milimeta 4 moja kwa moja kwenye bati la milimeta 1.2, barabara ya mawimbi inalitikisa saa tatu, na bati linachanika kuzunguka mchomo. Weka kwanza kiraka cha sentimeta 5 kwa 5 cha milimeta 2, pembe zake zikiwa za mviringo, ndipo sikio likae juu ya kiraka. Masikio manne, bolti za milimeta 8, bushi za raba, nati za kujikaza zenye plastiki ndani. Raba zinatenga tangi na fremu kwa umeme, kwa hiyo unganisha waya wa ethi kutoka sikio moja hadi fremu, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Kulijaribu: acha kompresa. Ubao wa sentimeta 32 kwa 24 una eneo la sentimeta za mraba 768, na kwa mgandamizo wa bar moja unasukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 780. Boksi litavimba kama andazi. Jaza tangi maji pomoni, ziba matundu yote isipokuwa moja, chomeka hapo mpira wa waashi, usimamishe mita 2 kwenda juu, ujaze maji mpaka ncha. Hiyo ni bar 0.2, nayo inatosha. Weka alama, lala. Asubuhi maji yakiwa palepale na hakuna unyevu kwenye mshono, kazi imepita. Kausha kwa jua, suuza kwa petroli kidogo uimwage, na kama halitumiki mara moja, zungusha oili ndani lisipate kutu.

Tangi kuu la mteja ni habari nyingine. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na ndani ya tangi la lita 11, chini ya kijiko kimoja cha chai cha petroli kinatosha kutengeneza mchanganyiko huo. "Limekaa wazi wiki nzima" si kinga. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini, na mabaki yamejificha kwenye mishono na kutu. Kama huna budi: toa koki, kifuniko na boya, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu au nne, kisha lijaze maji mpaka karibu kabisa na unapochomelea, mdomo ukiwa wazi. Sisi tungemwambia mteja aunge kwenye mpira wa chini kwa tii na koki mbili kama ilivyoelezwa juu. Tangi lake linabaki zima.

SWALI (Njiro, Arusha, 250 ya safari): Tangu nifunge tangi la lita 20 kwenye karia, usukani unatikisika nikifika 80. Nikiachia mkono mmoja ndiyo kabisa. Ni tairi?

JIBU: Shika tangi kwa mikono miwili, lisukume kushoto na kulia pikipiki ikiwa imesimama. Karia ikicheza hata sentimeta moja, umepata jibu. Karia nyingi za dukani ni za mkungu wa ndizi na begi la nguo. Kilo 23 zinazoyumba nyuma huvuta mkia, mkia unavuta usukani. Ongeza mihimili miwili ya pembeni kutoka kwenye karia hadi kwenye fremu, karibu na bolti za shokapu za juu.

Kisha tazama mahali. Kitovu cha tangi kikiwa sentimeta 30 nyuma ya ekseli, na umbali kati ya magurudumu ni mita 1.4, kilo 23 zinainua karibu kilo 5 kutoka gurudumu la mbele. Kilo 5 peke yake si kisa, ila ukiongeza begi na abiria wa kuegemea nyuma gurudumu la mbele linakuwa jepesi hasa. Kama hubebi abiria, weka tangi mahali pake, juu ya siti ya nyuma. Hapo liko mbele ya ekseli na uzito unagawanyika. Punguza na ukubwa. Huko Marekani kuna Iron Butt Association, wanaotambua watu wanaomaliza maili 1,000 (kilometa 1,609) ndani ya saa 24, na hata kwenye mashindano yao matangi yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi galoni 11.5 za kwao, yaani lita 43.5. Hizo zinabebwa na pikipiki za kilo 250 na zaidi. Ya kwako ni nusu ya hapo.

Kunywa tangi la ziada kwanza, tangi kuu baadaye. Na ukiwa gereji, wakague beringi za usukani na bushi za nyuma. Uzito mpya huzifichua zilizokwisha.

SWALI (Longido, afisa mifugo, Yamaha DT 125 ya two-stroke, injini inayochoma oili pamoja na petroli): Nikiweka tangi la ziada nichanganye oili humo?

JIBU: Dada, kama pampu ya oili ya kiwandani bado inafanya kazi, weka petroli tupu. Ila kumbuka oili nayo inaliwa kwa kilometa: ukijiongezea lita 10 za petroli bila kujaza tangi la oili, utafika ukiwa na mafuta lakini pistoni imekwama. Kama pampu iliondolewa na unachanganya kwa mkono, matangi yote mawili yawe na kipimo kimoja. Kwa moja kwa 32, lita 10 zinataka mililita 310 za oili. Changanya kwenye dumu, utikise, ndipo umimine. Pikipiki ikilala siku kadhaa, itikise kabla ya kuwasha.

SWALI (Sakina, Arusha, Honda CRF250L): Hii yangu ni ya injeksheni, haina kabureta, tangi lita 7.8 tu. Mfumo wa tii unafaa?

JIBU: Haufai. Pampu iko ndani ya tangi na inasukuma karibu bar 3; ukikata mpira wake kuweka tii umetengeneza bomba la kurushia moto. Mafuta ya ziada lazima yaingie kwenye tangi kuu kabla ya pampu. Unaweza kumimina kwa dumu, kushusha kwa koki kwenye tangi lililopungua, au kutumia mvuto: tangi kuu linazibwa lisivute hewa ila kupitia mpira unaotoka tangi la ziada, na la ziada ndilo linalopumua nje. Pampu ikivuta, petroli ya nyuma inafuata. Mfumo huu ni mtamu ukiwa mzima, lakini unategemea raba ya kifuniko. Anza matangi yote yakiwa yamejaa, simama baada ya kilometa 60. Kuu likiwa limeshuka na la ziada limejaa, raba inavujisha hewa. Usiendelee kwa kubahatisha, kwa sababu pampu hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka, na ikizunguka kavu inaungua.

Kama mfuko unaruhusu, kampuni kama Acerbis ya Italia na IMS ya Marekani hutengeneza matangi makubwa ya plastiki yanayokaa mahali pa lile la kiwandani. Hakuna koki, hakuna tii, na uzito uko kati ya magoti. Kwa pikipiki yako tungeanzia huko.

SWALI (Pasua, Moshi): Petroli ya chupa ya vijijini nitajuaje kama imechanganywa mafuta ya taa? Na dumu la mafuta ya kula linafaa kubebea?

JIBU: Dondosha matone matatu kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka kwa dakika chache bila kuacha alama ya maana. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Uchanganyaji ulikuwa na faida kubwa zaidi kabla ya 2011, serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa, lakini jaribio halikugharimu kitu. Mimina kupitia kitambaa, kwenye tangi la ziada na sio kuu, ili ukikosea ufunge koki moja tu.

Dumu la mafuta ya kula halifai. Kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke, na plastiki yake huvimba. Dumu lolote utakalotumia lijaziwe likiwa chini, sio juu ya siti.

SWALI (Kaloleni, Arusha): Nalaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi. Tangi la ziada lina hatari?

JIBU: Ndiyo, hasa kama jiko la mkaa liko chumba hichohicho. Mvuke hautapanda ukatoka dirishani. Utatambaa sakafuni mpaka ukute moto. Weka viungo vya kuchomoa vinavyojifunga vyenyewe kwenye mpira wa mafuta na wa kupumulia, na badala ya bolti mbili za nyuma weka nati za masikio. Tangi litoke kwa dakika mbili, likalale kivulini nje ya nyumba likiwa limefungwa kwa mnyororo, na koki ya tangi kuu ifungwe kabla pikipiki haijavuka mlango.